Pua ya Nyumba

Nilipoitwa Malindi ilikuwa Februari,
fukuto limeushika mji kama kitambaa cha mgonjwa,
na Raya, msichana wa mapokezi,
kavaa sweta la sufi mpaka shingoni,
anapuliza vidole ndipo aandike jina langu.
Nje, mchukuzi wa saruji anakamua fulana yake.
Baina yao ukuta wa mawe na chokaa,
mnene kuliko urefu wa mkono wangu.

Bwana Suleyum hakunipa hata kiti.
"Nataka kiyoyozi cha kumi na tano, kikubwa kuliko vyote.
Nishakinunua, hicho hapo chini ya ngazi.
Wageni wa juu wanalia joto,
wa chini wanaomba mablanketi,
na Tukuza inakula umeme
kama mbuzi wa Darajani anavyokula maboksi."

Tukapanda, mimi na Shaame mwanafunzi wangu,
ngazi sabini na moja, begi la vifaa begani,
hadi penye ua wa kati,
ule uwazi waliouacha makusudi waliojenga
toka sakafuni hadi mbinguni.
Mtu kaufunika kwa plastiki ya samawati
mvua isiharibu makochi.
Na ndani yake, ukutani, zimening'inia
mashine kumi na nne za nje,
zinatazamana,
zinapumuliana usoni.
Joto la hii ndiyo pumzi ya ile.
Shaame akatoa kipimajoto: nyuzi hamsini na moja.
Akanitazama kama aliyeona jini.
"Si jini," nikamwambia. "Ni bili."

Nyumba hii naijua.
Mwaka ule waya wa chini ya bahari ulipokatika,
nikiwa skuli, darasa la sita,
kisiwa kikakaa kiza wiki baada ya wiki,
majenereta yakikohoa kila kichochoro,
bibi yangu akifua mashuka ya watu humu.
Adhuhuri alinilaza chini,
shavu kwenye saruji nyekundu,
na upepo ukiingia mlango wa mbele bila hodi,
ukipanda uani kama moshi wa udi,
ukitokea juu.
Hapakuwa na swichi ya kuuzima.

Nikashuka, nikasema: tufungue juu.
Mashine tuzitoe uani, ziende paani, kivulini, ziachane.
Rimoti zitoke kumi na sita, zipande ishirini na tano.
"Mgeni kalipa dola, anataka kutetemeka!"
Basi atetemeke kwa pesa yake, nikasema, si kwa yako.
Akacheka kidogo, akaacha.
"Nimekuita uniuzie baridi,
wewe unaniuzia tundu?"

Tukapiga hesabu nyuma ya risiti ya saruji,
nikakosea mara mbili, Raya akanisahihisha.
Siku ya tatu tukaikata plastiki.
Joto likatoka kwa mkupuo,
njiwa wa paa la jirani wakaruka wote.
Shaame akaosha machujio kwa mswaki wa meno;
vumbi la miaka minne likabanduka zima zima,
kama ngozi ya paka.

Sitaki kudanganya. Niliapa nusu,
bili ikashuka theluthi.
Mvua ya kwanza ya masika ililowesha kochi moja.
Mgeni wa chumba namba saba kalalamika
kwamba sasa anasikia jirani akikuna nazi.
Na malipo yangu ya pili
Bwana Suleyum anayatafuta mpaka leo
kwenye mfuko ule ule alioyasahau.

Nikipita njia ile
naweka kiganja penye mwanya wa mlango wake.
Upepo unaingia. Haugongi.
Mashine tisa ndizo zinazofanya kazi, na si zote kwa pamoja.
Ile kubwa iko chini ya ngazi, ndani ya boksi lake,
na juu ya boksi, limekunjwa vizuri,
sweta la Raya.